Niliyojifunza nikiwafundisha wanafunzi wa udaktari kumhudumia mama anayepigwa nyumbani

Somo hili nililirithi. Mwalimu aliyekuwa akilifundisha alihamia idara nyingine, nami nikapewa slaidi zake pamoja na nafasi yake kwenye ratiba: saa moja, Ijumaa alasiri, wanafunzi wa mwaka wa nne, karibu na mitihani. Ndani ya saa hiyo daktari mtarajiwa alitakiwa ajue kumtambua mtu anayepigwa nyumbani kwake, ajue kumuuliza, na ajue la kufanya akishajibiwa. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa vyuo vya afya watakaokabidhiwa somo hili pembeni mwa ratiba kama nilivyokabidhiwa mimi, na kwa wauguzi na matabibu wa zahanati ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha lolote kulihusu.

Slaidi zilianza na takwimu, na takwimu zenyewe ni nzito. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walishapigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo. Wanafunzi walinakili, wakafunga madaftari, wakaondoka. Wodini nikiwafuata, hakuna aliyekuwa akimuuliza mgonjwa yeyote chochote.

Nikaona nianze na wao wenyewe. Niligawa vikaratasi visivyo na majina, swali moja tu: kuna sababu inayomruhusu mume kumpiga mke? Majibu niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye gari, nikakaa muda mrefu kabla ya kuwasha. "Akimjibu mkwe vibaya." "Akitoka bila kuaga na watoto hawajala." "Si kumpiga, ni kumrekebisha." Na miandiko mingine ilikuwa ya wasichana. Hilo halikupaswa kunishangaza, kwani utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume wakikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja. Wanafunzi wetu wametoka kwenye nyumba zile zile wanakotoka wagonjwa. Koti jeupe halifuti mtu alichokisikia jikoni kwao tangu utotoni.

Kipindi kilichofuata nikawasomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inasema vingine. Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, kama sheria hiyo bado inatumika. Inatumika. Kama unafundisha, usiruke hatua hii hata kama muda ni mfupi, maana mwanafunzi anayeamini kwamba mgonjwa alistahili atauliza swali zuri kwa sauti mbaya, na mgonjwa ataisikia sauti.

Kutambua ndiko walikokuwa wepesi kuliko kote. Ni kazi ya macho, na macho wanayo. Majeraha ya ajali huwa zaidi magotini, viganjani, kwenye viwiko. Ya kipigo hukaa usoni, shingoni, matitini, tumboni, sehemu zinazofunikwa na nguo. Mfupa wa mkono uliovunjika upande wa kidole kidogo, kwa mtu aliyeinua mkono kujikinga. Michubuko ya rangi tofauti, mmoja mbichi na mwingine umeshageuka njano. Maelezo yasiyolingana na jeraha: kaanguka bafuni, lakini kilichochanika ni ndani ya mdomo. Kuchelewa kuja hospitali. Halafu kuna yale yasiyo na jeraha kabisa, na haya ndiyo mengi: kichwa kinachouma bila kuisha, maumivu ya nyonga yasiyopata jibu, kukosa usingizi, magonjwa ya zinaa yanayorudi kila baada ya matibabu, mjamzito anayekosa kliniki bila sababu.

Kuuliza ndiko walikokwama. Swali la kwanza walilokuja nalo lilikuwa "Je, nyumbani uko salama?" Mama mmoja alimjibu kijana wangu kwamba wako salama, wamejenga ukuta na wameweka mlango wa chuma. Alidhani anaulizwa habari za wezi. Kwa hiyo tukaacha maswali ya mbali, tukatafuta yanayotaja matendo. Leo tunawafundisha kuanza hivi: "Mama, tunapokea akina mama wengi wenye maumivu kama yako, na wengine tunakuta wameumizwa na mtu wa nyumbani. Ndiyo maana nauliza. Kuna mtu aliyekupiga, kukusukuma au kukurushia kitu?" Kisha unanyamaza. Kunyamaza kuligeuka somo zima. Vijana hawawezi kuvumilia kimya. Wakiona mama anainamisha kichwa wanakimbilia kusema "basi, usijali, tuendelee," na mlango unafungwa.

Tulifanya mazoezi na akina mama watano wa mtaani waliokubali kuigiza wagonjwa. Tuliwalipa nauli, chakula na kifuta jasho, na kwa muhula wa kwanza fedha hiyo ilitoka mfukoni kwangu kwa sababu bajeti ya idara haikuwa na fungu la watu wa kuigiza. Kama unapanga jambo hili, liombee fungu mapema, na usiwatumie wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Wanafunzi huchekana. Mama wa makamo akikaa mbele ya kijana wa miaka 23, kijana akasema "Shikamoo mama," naye akaitika "Marahaba mwanangu," zoezi linakuwa la kweli papo hapo, na ugumu wake unakuwa wa kweli pia: mtoto anamuulizaje mtu wa rika la mama yake habari za chumbani? Akina mama hao ndio waliotufundisha jibu. Mmoja alimwambia mwanafunzi baada ya zoezi, "Ukiniomba ruhusa kwanza, umri unaondoka. Sema, mama, naomba nikuulize jambo la nyumbani, na usipotaka kujibu si kosa." Sentensi hiyo tumeitunza ilivyo.

Mazoezi hayo yalileta jambo jingine ambalo hatukuwa tumelipanga. Katikati ya igizo mwanafunzi mmoja aliinuka akatoka. Wenzake walidhani anaumwa. Baadaye alinitafuta, akaniambia igizo lile lilikuwa kwao nyumbani, mpaka maneno. Nimeficha mengine yote kumhusu. Tangu hapo kila kipindi kinatanguliwa na tangazo la wiki moja kabla, ruhusa ya kutoka bila kueleza, na mshauri wa wanafunzi anakuwa ameshaarifiwa na yupo ofisini siku hiyo. Ukiwa na darasa la watu 150, ukakumbuka takwimu ulizowasomea mwenyewe, utajua kwamba kila safu ina mtu anayelijua jambo hili kwa mwili wake.

Faragha ni shida ambayo vitabu huipitia haraka kwa sababu waandishi wake wana vyumba. Sisi kwenye kliniki ya nje tuna madaktari wawili kwenye chumba kimoja, meza zimepeana migongo, na foleni imesimama mlangoni. Pazia la wodini halizuii sauti. Tulizunguka hospitali na wanafunzi tukitafuta mahali hasa: chumba cha kupimia uzito kliniki ya wajawazito ikishapungua, chumba cha kufunga vidonda wakati wa chai, kona ya chumba cha vipimo. Wakaandika orodha yao. Kanuni tuliyowapa ni kwamba kama hakuna mahali, usiulize leo. Mpangie tarehe ya kurudi na uulize siku hiyo. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, halishauri kumuuliza kila mwanamke kila anapofika. Linashauri uulize unapoona dalili, pawe na faragha, na uwe unajua utamsaidiaje.

Kisha kuna anayemsindikiza. Kliniki zetu za wajawazito humtaka mama aje na mwenzi wake hudhurio la kwanza, na kwa kupima VVU pamoja jambo hilo lina faida kubwa. Lakini maana yake ni kwamba mume yupo kwenye kiti cha pembeni. Hata asipokuwa mume, anaweza kuwa wifi au mama mkwe, na wanafunzi wengi walidhani mwanamke mwenzake ni salama. Si salama, maneno yanafika nyumbani kabla ya mgonjwa. Kwa wagonjwa wasiojua Kiswahili vizuri ni hatari zaidi, maana mkalimani aliye karibu ndiye huyo huyo ndugu. Tafuta muuguzi anayejua lugha hiyo. Tunawafundisha kuwatenganisha bila kuzua shaka: kila mgonjwa, bila ubaguzi, anapimwa tumbo akiwa peke yake, au anasindikizwa na muuguzi kwenda kutoa mkojo. Ikiwa ni utaratibu wa wote, hakuna mume anayejiuliza kwa nini mkewe kaitwa pembeni.

Sasa nifike kwenye lile lililopindua somo letu. Mwanafunzi mmoja, hodari na mwenye huruma, aliuliza vizuri, akasikiliza vizuri, akampa mama karatasi yenye namba ya polisi na jina la ofisi ya ustawi wa jamii. Karatasi ilikutwa kwenye mkoba. Mama alirudi baada ya siku chache na taya lililovunjika. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba ile ofisi aliitafuta siku ile ile, akaambiwa imehama jengo, na alipofika polisi akaulizwa mbele ya watu benchini amekuja kushtaki nini, akageuza.

Nilikaa na hilo kwa muda mrefu, na usingizi ulinipotea. Tulikuwa tumewafundisha vijana kufungua jambo ambalo hatukujua linaelekea wapi. Mimi mwenyewe sikuwahi kutembea kutoka kliniki yetu hadi kwenye kile tulichokuwa tukikiita rufaa. Nikaanza kutembea, kisha nikawatembeza wao.

Siku hizi somo linaanza barabarani. Kabla ya slaidi yoyote, wanafunzi kwa makundi madogo wanaifuata njia ya mgonjwa: kutoka mapokezi hadi ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, kisha kwa daladala hadi kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha kurudi. Kwenye hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakaa chini ya paa moja, njia ni fupi, na nawasihi mkitumie. Wanafunzi wanaandika nauli, muda, nani anakaa dawatini, anaondoka saa ngapi, kama kuna mlango wa pembeni ambao mama anaweza kuingilia bila kupita benchi la mbele. Askari wa dawati tunawaarifu mapema kwa barua, na tangu mwaka wa pili wamekuwa walimu wetu. Wanakuja darasani na kueleza wanachohitaji kwa daktari.

Wanachohitaji zaidi ni PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyakuta, iliyojazwa ikasomeka. Mgonjwa wetu anafika na fomu hiyo kutoka polisi, au anafika bila hiyo. Akifika bila hiyo, tiba inatangulia na fomu inafuata. Mtu anayevuja damu harudishwi polisi kufuata karatasi. Akiwa kaingiliwa kwa nguvu, saa zinahesabika: PEP ya kuzuia VVU ianze mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba visipite siku 5. Mwanafunzi ajue dawa hizo zinatunzwa chumba gani na nani ana ufunguo usiku, kwa jina na kwa simu.

Kuhusu kuandika, nawaonyesha maandishi mawili. La kwanza: "Kapigwa na mume, michubuko usoni." La pili: "Mchubuko wa sentimita 4 kwa 3 chini ya jicho la kushoto, rangi ya zambarau. Michubuko minne ya mviringo ndani ya mkono wa juu wa kulia, kila mmoja kama sentimita 1, rangi ya njano. Mgonjwa anasema: 'Alinishika hapa akanivuta hadi nje.'" La kwanza halimsaidii hakimu. La pili linasimama lenyewe hata daktari akiwa ameshahamia mkoa mwingine. Chora mwili, weka alama, weka tarehe na saa. Na haya yote yaingie kwenye faili linalobaki hospitalini. Usiandike neno kwenye kadi ya kliniki anayokwenda nayo nyumbani, kwa sababu kadi hiyo husomwa.

Karatasi hatutoi tena. Namba mama anaihifadhi kwenye simu kwa jina analolichagua mwenyewe, la fundi cherehani au la muuza mkaa, na kama simu inapekuliwa, anaikariri mbele yetu.

Kuna maswali sita ya hatari kwenye kitini cha Shirika la Afya Duniani ambayo nawataka wayajue kwa moyo. Kipigo kimeongezeka au kuwa kibaya zaidi miezi sita iliyopita? Amewahi kutumia silaha au kukutishia nayo? Amewahi kukukaba koo? Unaamini anaweza kukuua? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokwisha? Majibu matatu ya ndiyo au zaidi yanamaanisha asiondoke kabla hamjazungumza atalala wapi usiku huo. Lile la kukabwa koo nalikazia kuliko yote. Shingo inaweza isiwe na alama yoyote, huku sauti imekwaruza, kumeza kunauma, na machoni kuna vidoa vidogo vyekundu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo kwenye hatari ya kuja kuuawa naye takribani mara saba zaidi. Nimeona majeraha hayo yakiandikwa "maumivu ya koo" na mgonjwa akapewa antibayotiki.

Baada ya hapo vijana wanataka kuokoa. "Muache, mama!" Au wanataka mume aitwe wawasuluhishe. Yote mawili nawakataza kwa nguvu. Wakati wa kuondoka ndio mara nyingi wenye hatari kubwa kuliko yote, na yeye ndiye anayejua funguo ziko wapi na watoto wanalala chumba gani. Kumwita mume ni kumwambia kwamba mkewe amesema. Usuluhishi una mabaraza yake na una wakati wake. Chumba cha daktari si mojawapo. Kazi yetu ni kumwamini, kumwambia kwamba hakustahili, na kupanga naye usalama wake yeye: jirani gani akisikia ishara atagonga mlango, vyeti vya watoto na kitambulisho vitawekwa kwa nani, nauli itafichwa wapi, na ugomvi ukianza asikimbilie jikoni penye visu na mafuta ya moto. Kama ataamua kurudi nyumbani leo, mwanafunzi asionyeshe kukata tamaa. Wengi hurudi kwetu kwa sababu mara ya kwanza hawakulaumiwa.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Mtoto akiwa ndiye anayeumizwa, hatungoji uamuzi wa mtu mzima aliyemleta. Ustawi wa jamii wanaitwa siku hiyo, na namba 116 ya simu kwa mtoto haina gharama. Wanaume wanaopigwa nao wapo, wachache wanaosema, na maswali ni yale yale.

Kikwazo kikubwa kilichobaki hakiko darasani. Mwanafunzi anaweza kufanya yote haya, halafu kwenye raundi akaeleza kwamba mgonjwa wa kitanda cha tano amepigwa na mumewe, na mkubwa anayeongoza raundi akajibu, "Hayo ya kifamilia, vipimo vyake vya damu viko wapi?" Sentensi hiyo moja hufuta muhula mzima. Kwa hiyo kama una nguvu ya kufundisha kundi moja tu, waanze wauguzi na madaktari waliomaliza wanaofanya kazi chini ya uangalizi, kwa kuwa hao ndio mwanafunzi anaowaiga usiku. Na lazima somo liingie kwenye mtihani. Tulipoweka kituo kimoja cha mgonjwa wa kuigiza kwenye mtihani wa vitendo, wanafunzi wakaanza kuomba mazoezi ya ziada wenyewe.

Tatizo la mwisho wa juma bado tunalipambania. Mama anayefika Ijumaa usiku anakuta ofisi ya ustawi imefungwa hadi Jumatatu. Tunachofanya kwa sasa ni kumlaza kwa uangalizi. Sababu ya kitabibu haikosekani, kichwa kilichogongwa kinatosha. Kitandani anaandikwa bila maelezo ya kilichompata, na muuguzi wa zamu anajua nani haruhusiwi kuingia saa ya kuona wagonjwa. Afisa ustawi ametupa namba yake ya mkononi, na idara sasa inamchangia vocha kila mwezi. Kama hospitali yenu imepata utaratibu bora kuliko huu kwa usiku wa Ijumaa, uandikeni wengine wausome.